Nimehamia ugenini kikazi, mwenzangu wa ofisini anaondoka ananiuzia gari kwa bei ya chee. Ninunue au niachane nayo?

MgeniWaJiji

Wakuu habari za saa hizi. Naomba ushauri, na mnivumilie maana ni ndefu kidogo.

Nimehamishiwa nchi nyingine kikazi, mkataba miaka miwili, sasa hivi niko wiki ya sita. Mume na watoto wanakuja mwezi ujao. Nyumba niliyopata iko mbali na ofisi kwa sababu tuliangalia shule kwanza, basi linapita kila baada ya nusu saa na asubuhi likikuacha ndo umeshachelewa kikao, hakuna cha kujitetea. Kwa hiyo gari siyo anasa, nalihitaji kweli.

Sasa kuna jamaa ofisini, mgeni kama mimi, mkataba wake umeisha anarudi kwao baada ya siku 9. Anauza gari ya siti saba, otomatiki, bodi haina hata mkwaruzo, ndani inanukia kama imetoka kiwandani jana. Bei yake ni kama robo tatu ya zile ninazoziona mtandaoni za aina hiyohiyo na mwaka huohuo. Ila anataka hela yote kabla hajapanda ndege, na anasema makaratasi tutamalizana kwa imeili akishafika kwao kwa sababu foleni ya ofisi ya usajili ni balaa.

Mume kwenye simu ananiambia tukodi tu, miaka miwili siyo mingi, utanunua utauza lini. Mimi naona kukodi ni kumwaga hela. Halafu leseni yangu ni ya nyumbani, nina na ile ya kimataifa, sijui kama inatosha au lah. Na huku usukani uko upande mwingine na ule niliouzoea, hilo ndo linanitia hofu kuliko yote, msinicheke.

Nifanyeje? Jamaa ananisukuma nimpe jibu kesho.

Mkimbizi_wa_Foleni

Siku 9, hela yote mkononi, makaratasi kwa imeili. Kaka hapo huuziwi gari, unauziwa hadithi ya gari. Nakaa siti ya nyuma nasubiri wataalamu.

Mkimbizi_wa_Foleni

Samahani, dada. Nimeona hapo kwa mume nikiwa nshatuma.

baba_wawili

Dada mimi hili lilinikuta, tena kwa mtu niliyekuwa nakaa naye meza moja ofisini mwaka mzima. Naandika kwa urefu kwa sababu sipendi kuona mtu mwingine anapita njia ile.

Jamaa yangu naye alikuwa anaondoka. Gari nzuri, kaitunza, na kuhusu gari yenyewe hakunidanganya hata neno moja. Kibovu kilikuwa karatasi. Aliiingiza nchini bila kulipa ushuru kwa sababu mkataba wake ulimpa msamaha, kama wanavyopewa watu wa balozi na mashirika ya kimataifa sehemu nyingi tu. Sasa msamaha ule anapewa mtu, gari yenyewe haijasamehewa kitu. Siku inapouzwa kwa mtu ambaye hana msamaha, ushuru unafufuka, na hawa watu wa ushuru hawahangaiki kumtafuta aliyekula hela, wanaangalia gari iko mikononi mwa nani.

Mimi nilikuwa nshalipa. Jamaa nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe kwa gari hiyohiyo, begi lake zito nikamshushia, tukakumbatiana. Wiki ya pili naenda kubadilisha jina, mama wa dirishani akaangalia kompyuta yake, akaniangalia mimi, akaangalia tena kompyuta, halafu akaigeuza upande wangu nione. Lugha yao nilikuwa bado naiokoteza ila tarakimu haihitaji mkalimani. Ilikuwa inakaribia nusu ya bei niliyonunulia. Nikatoka nje nikampigia jamaa, simu ikaita mpaka ikakata. Meseji alizisoma zote, nikaona alama kwamba kasoma, jibu nasubiri mpaka leo na mwanangu wa kwanza sasa yuko sekondari.

Gari ilikaa miezi mitano nje ya nyumba imefunikwa turubai. Siwezi kuiendesha kwa sababu bima haitoki kwa jina langu wakati kadi ina jina la mtu mwingine, siwezi kuiuza kwa sababu siyo yangu, na hata kuitupa siwezi maana kuitupa nako kunataka saini ya mwenyewe. Mwisho nikalipa ule ushuru. Ukijumlisha ningenunua mpya dukani na mazulia yake bado yana nailoni.

Kwa hiyo kabla hujauliza injini muulize hivi. Jina kwenye kadi ni lake au la kampuni? Ushuru umelipwa? Kuna benki inaidai hiyo gari? Halafu usichukue jibu la mdomo, nenda naye ofisini. Nchi nyingi kuna sehemu ukiandika namba ya gari au namba ya chesisi unaona kama ina deni au kizuizi, na pengine ni bure kabisa. Foleni ya balaa? Mwambie utampangia foleni wewe, yeye aje kusaini tu. Akikataa na hilo, basi ujue ameshakujibu.

Chuma_Chakavu

Baba wawili kamaliza ya karatasi, mimi naongelea chuma. Nimekaa gereji miaka mingi kabla sijahamia huku na mimi.

"Inanukia kama imetoka kiwandani." Dada yangu hiyo harufu inauzwa kwenye kopo. Gari inayonukia sana ndo naifungua vioo vyote naacha dakika kumi, kisha nainua zulia la miguuni naweka kiganja. Kama kuna unyevu au harufu ya uvundo, imewahi kunywa maji hiyo.

Nenda asubuhi na mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ameipasha ili usisikie inavyowaka ikiwa baridi, na matatizo mengi ya injini yanaongea sekunde ishirini za kwanza tu, baadaye yananyamaza. Kabla haijawashwa fungua kifuniko cha oili utazame kwa ndani, ukiona kitu cheupe kizito kama krimu ya mikono kuwa makini, inaweza kuwa maji yanaingia kwenye oili, ingawa gari inayotembea safari fupifupi kwenye baridi nayo huweka uji huo kidogo, usimtuhumu mtu papo hapo. Tazama na maji ya rejeta, yakiwa na mafuta juu yake mshukuru muondoke salama.

Kilomita. Zinarudishwa nyuma kama unavyorudisha saa ya ukutani, na kifaa chake mtu anakiagiza mtandaoni. Usisome dashibodi, soma pale mguu na mkono vinapogusa. Raba ya pedali ya breki ikiwa imelika mpaka inang'aa na usukani umelainika kama sabuni iliyotumika, halafu dashibodi inakwambia kilomita elfu arobaini, cheka kimoyomoyo. Muombe vitabu vya sevisi na risiti za zamani, kila risiti ya gereji huwa imeandikwa kilomita za siku ile, zipange kwa tarehe uone kama zinapanda au kuna mahali zimeshuka. Na uangalie kama ni kilomita au maili, kuna gari zimevushwa mipaka na bado zinasoma maili, mtu anaona 60,000 anafurahi kumbe ni karibu kilomita laki moja.

Namba ya chesisi kwa gari nyingi ina tarakimu na herufi 17, utaikuta chini ya kioo cha mbele upande mmoja, utaikuta kwenye nguzo ya mlango au imegongwa kwenye bodi, utaikuta kwenye kadi. Zote zifanane herufi kwa herufi. Hazimo I wala O wala Q kwenye hiyo namba ya 17, waliziacha makusudi zisichanganywe na 1 na 0, kwa hiyo ukiona karatasi ina herufi O katikati ya namba kuna mtu alikuwa anatunga.

Tairi. Ubavuni kuna maandishi yanaanzia DOT na mwisho wake kuna kiduara kirefu chenye tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho mwaka. 3516 ni wiki ya 35 ya mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa marefu kabisa lakini mpira umeshazeeka umekuwa kama kiatu kilichokauka juani.

Na sisi tuliotoka nchi za joto kuna kitu hatukukijua: kama huko ulipo kuna theluji na wanamwaga chumvi barabarani, juu gari inang'aa kama sahani na chini inaliwa. Lala chini, washa tochi ya simu, tazama mabomba ya breki, chesisi, mahali springi zinaposhika. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa siyo shida. Kutu inayobanduka kama maganda ukiigusa kwa bisibisi, hiyo acha.

Halafu lipa fundi asiyemjua muuzaji aipime, na mashine ya kusoma makosa ya gari ichomekwe. Hela ya fundi itakuuma siku moja.

dereva_wa_kushoto

Nitapingana kidogo na watu humu. Mume wako ana hoja.

Mkataba wa miaka miwili, ondoa miezi miwili mitatu ya mwanzo unatafuta, ondoa miezi miwili ya mwisho unauza, umebaki na mwaka na kitu wa kuiendesha kwa raha. Kuna kukodi kwa muda mrefu ambako bima, sevisi na kodi ya barabara vyote vimo ndani, likiharibika wanakuletea jingine, siku ya kuondoka unarudisha funguo unapanda ndege. Wewe mgeni hujui fundi, hujui lugha, watoto wanafika. Utulivu nao una bei yake.

Shangazi_K

@dereva_wa_kushoto ni kweli lakini soma mkataba wa kukodi mpaka maandishi ya chini kabisa. Ukikatisha kabla ya muda, na sisi wa mikataba tunajua mwajiri anaweza kukuambia mradi umeisha mwezi wa kumi na nne, wanaweza kukudai miezi yote iliyobaki. Na kilomita zina kikomo, ukipita unalipia kila moja, na kila kamkwaruzo siku ya kurudisha wanakapiga picha.

Gari mpya kutoka dukani ndiyo inayomwaga hela kweli, mwaka wa kwanza tu mara nyingi inapoteza karibu sehemu moja kati ya tano ya bei. Lakini gari ya miaka mitano sita mteremko wake umeshapungua, ukiinunua vizuri ukaitunza, miaka miwili baadaye unaiuza na hasara ndogo. Kwa hiyo mwanangu hesabu yako siyo bei ya kununua. Ni bei ya kununua toa utakayouzia, jumlisha bima, kodi, sevisi, tairi na maegesho, gawa kwa miezi utakayokaa. Ndo uweke hiyo namba pembeni ya kukodi. Mimi nimehama nchi nne na mara tatu kununua kulishinda, mara moja kukodi.

Sasa leseni, maana naona wote wameiruka. Hiyo ya kimataifa ni tafsiri tu ya leseni yako ya nyumbani, peke yake haina nguvu, lazima utembee nazo zote mbili. Ile inayotolewa chini ya mkataba wa usafiri wa barabarani wa Geneva wa 1949 inadumu mwaka mmoja, ile ya Vienna ya 1968 mpaka miaka mitatu au siku leseni yako ya nyumbani inapoisha, inayotangulia. Lakini kubwa kuliko hilo, ile ni ya msafiri. Ukishahesabiwa mkazi saa inaanza kugonga. Ujerumani kwa mtu wa nje ya Ulaya ni miezi 6, Uingereza miezi 12, na ikipita hapo unahesabiwa kama mtu asiye na leseni hata kama umeendesha malori miaka ishirini. Kwingine unabadilisha leseni juu kwa juu, kwingine unarudi darasani. Tafuta ya huko uliko wiki hii, usingoje mwezi wa mwisho.

Na jambo lenyewe ni bima, kwa sababu ukigonga mtu na leseni haitambuliki kampuni inaweza kukuruka.

Kuhusu bima hiyohiyo: waandikie waliokuwa wanakukatia nyumbani wakupe barua kwenye karatasi yenye nembo yao kwamba miaka kadhaa hukudai fidia. Siyo kila kampuni inaipokea barua ya nje, ila wapo wanaoipokea na bei inashuka sana, bila hiyo wanakuhesabu kama mtoto aliyetoka chuo cha udereva jana. Na uulize bei ya bima KABLA ya kununua gari, ukiwa na namba ya gari mkononi. Mimi niliwahi kununua kagari kazuri kekundu halafu bima ya mwaka ikakaribia bei ya gari. Kagari kenyewe kalikuwa na tundu kwenye bomba la moshi.

Dereva mkuu aandikwe yule anayeendesha kweli. Ukiandika jina la mwingine ili bei ishuke, siku ya ajali huna bima.

MgeniWaJiji

Asanteni jamani, sikutegemea. Nimekaa nikasoma zote mara mbili, ya baba wawili mara tatu.

Jana nimemuuliza jamaa kama mlivyosema, tena kwa upole maana ni mtu mzuri kwa kweli, wiki ya kwanza yeye ndo alinionyesha kila kitu. Jina kwenye kadi ni lake. Ushuru umelipwa, aliinunua hapahapa nchini, kanionyesha karatasi ya dukani. Nilipofika kwenye mkopo akanyamaza kidogo. Akasema "ipo kidogo imebaki, nitamalizia nikifika nyumbani kwa hela utakayonipa". Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia ametoka kununua mkate.

Halafu nimeenda kuiangalia asubuhi. Boneti ya baridi, oili safi. Nimelala chini na suti ya ofisini, walinzi walinishangaa. Kutu ipo ya chungwa ile nyepesi. Tairi tatu zinasoma 1121, moja inasoma 0424. Hiyo moja ina maana gani? Fundi nimeweka miadi kesho.

Chuma_Chakavu

Tairi moja mpya peke yake: ama ilipasuka ama iligonga ukingo wa barabara kwa nguvu. Muulize iko upande gani, kisha mwambie fundi aangalie upande huo kwa makini, shokapu na zile bushi za chini, yaani raba za kwenye viungo, na uangalie kama gari inavuta upande mmoja ukiachia usukani kwenye barabara iliyonyooka. Tazama na vioo, kila kioo kina maandishi madogo kwenye kona, kimoja kikiwa na nembo tofauti na vingine kilibadilishwa. Na bolti za boneti na mabawa, rangi ikiwa imekwanguka kwenye vichwa vyake ujue spana imepita hapo. Siyo lazima iwe ajali kubwa, lakini aseme mwenyewe.

Kama ni gari inayovuta kwa tairi zote nne, tairi moja kuwa na kimo tofauti na wenzake inaweza kusumbua gia huko mbele. Mwambie fundi apime.

baba_wawili

Dada hapo kwenye mkopo ndo penyewe! Gari yenye mkopo sehemu nyingi benki ndiyo yenye nguvu juu yake, na asipolipa wanakuja kuichukua kwako, wewe ukabaki na risiti yako na machozi.

Lakini siyo lazima uiache. Kuna namna safi ya kufanya. Anaomba benki barua yenye tarehe inayosema deni lililobaki ni kiasi gani mpaka siku fulani. Mnaenda wote wawili benki. Wewe unalipa hilo deni moja kwa moja kwa benki, hela isipitie kwake hata dakika moja, benki inatoa barua kwamba haidai tena, ndipo unampa yeye kilichobaki. Kisha mnaenda kubadilisha jina, na kama benki inachukua siku kadhaa kuondoa kizuizi kwenye mfumo, sehemu ya hela unaishikilia mpaka kiondoke. Kama anaondoka kabla, aache mtu mwenye idhini ya kisheria iliyothibitishwa kusaini kwa niaba yake. Jamaa mzuri atakubali yote haya. Wangu nilimwona mzuri ndo maana sikumuomba kitu.

dereva_wa_kushoto

Na hati ya mauziano iandikwe tarehe na SAA na kilomita za siku hiyo. Kamera ya barabarani ikipiga picha saa nne asubuhi na wewe umeichukua saa sita, utashukuru.

NaniliuTena

Naongezea ya kuondoka kwa sababu hakuna anayeifikiria siku ya kununua. Mimi niliiacha yangu kwa rafiki aniuzie. Akaiuza kweli, hela akanitumia, mwaminifu. Lakini hakuna kati yetu aliyetoa taarifa kwamba imeuzwa. Mwaka mzima barua za faini za kuegesha vibaya na za daraja la kulipia zinaenda kwenye anwani yangu ya zamani, mpangaji mpya anazirundika, hadi siku moja nimeomba viza ya kurudi kikazi naambiwa nina madeni. Nikaanza kueleza kwamba gari siyo yangu. Karatasi iko wapi? Sina.

Kwa hiyo siku ya kuuza futa jina lako mwenyewe, upewe uthibitisho, na bima uisitishe kwa maandishi, kama uliilipa ya mwaka mzima pengine wanakurudishia iliyobaki.

Halafu kuna wale wanaosema nitaisafirisha nikirudi nyumbani. Angalia kwanza kikomo cha umri, nchi nyingi hazipokei gari iliyopita miaka fulani, na nyingine hazikubali usukani wa upande usio wao. Na kuna nchi zinawasamehe ushuru raia wanaorejea ila kwa sharti gari iwe kwa jina lako muda fulani kabla ya kurudi, kwa hiyo tarehe ya kubadilisha jina ni mali, isicheleweshwe. Gari yako dada usukani uko upande mwingine na wa nyumbani, ungeichagua ili uiuze hukohuko. Rangi ya kawaida, aina ambayo wenyeji wanaitumia, spea zipo. Usinunue kitu cha ajabu utakachokiuza kwa kupiga magoti.

Mkimbizi_wa_Foleni

Kuhusu usukani dada usiogope. Mimi wiki mbili za mwanzo nilikuwa nawasha waipa kila nikitaka kukata kona. Jua kali, kioo kikavu, waipa zinalia kwiii kwiii, mtaa mzima unajua mgeni anageuka kushoto. Barabarani kwenye magari mengi unafuata wenzako tu. Hatari ni alfajiri barabara ikiwa tupu, au ukitoka kituo cha mafuta, pale mkono unarudi nyumbani wenyewe. Bandika karatasi kwenye dashibodi yenye mshale. Mimi yangu ilikaa miezi mitatu.

Shangazi_K

Na usianze na watoto ndani. Jumapili asubuhi, peke yako, mizunguko ya barabara ileile ya shule mara kumi.

MgeniWaJiji

Narudi kuwapa mrejesho, samahani kwa kimya, ilikuwa wiki ya mbio.

Fundi alikaa nayo saa moja na nusu. Ile tairi 0424 ni ya mbele upande wa abiria, na bushi ya upande huo imekufa, pia kuna mkono wa chini, kile chuma kinachoshika tairi, umepinda kidogo sana. Jamaa alipoulizwa akakumbuka kwamba aligonga ukingo wakati wa barafu. "Nilisahau." Basi. Pedi za breki nyuma zimekwisha. Injini na gia fundi kazipitisha, mashine haikutoa kosa, na alinionyesha kwamba kumbukumbu ya makosa haikufutwa juzi, kuna sehemu inaonyesha kama gari imeshamaliza kujipima yenyewe tangu ilipofutwa mara ya mwisho, sikujua kitu hicho kipo.

Nikaenda kwa jamaa na karatasi ya fundi nikamwambia bei itoe hizi. Alilalamika. Nikamwambia pia hela haitapita mkononi kwake mpaka benki waseme wamemalizana. Akalalamika zaidi, akasema kwani huniamini. Nikamwambia nakuamini, benki yako ndiyo siijui. Akacheka, yakaisha.

Alhamisi tulienda benki, deni halikuwa "kidogo", lilikuwa zaidi ya nusu ya bei tuliyokubaliana. Nililipa pale dirishani, tukapewa barua, iliyobaki nikamhamishia yeye tukiwa tumesimama palepale. Foleni ya ofisi ya usajili ilikuwa dakika arobaini. Dakika arobaini jamani. Kizuizi kimetoka kwenye mfumo jana, jamaa kaondoka leo, gari ina jina langu na bima ina jina langu. Barua ya bima ya nyumbani kampuni ya kwanza iliikataa, ya pili imeikubali. Leseni nina miezi michache ya kubadilisha, nshajaza fomu.

Mume wangu anasema yeye tangu mwanzo alisema ninunue.

Ila leo asubuhi, siku ya kwanza kabisa, nimetoka nimevaa vizuri, nimefungua mlango nikakaa, nimefunga mkanda, nanyoosha mkono nashika hewa. Usukani haupo. Jirani alikuwa anamwagilia maua yake ananitazama. Nikafungua droo ya dashibodi nikajifanya natafuta kitu humo, nimetafuta mpaka kaingia ndani.

Mkimbizi_wa_Foleni

😂😂😂 bado waipa, subiri.